Macho Yaliyokwenda Bila Kutumwa

Kabla sijawa mchoma matofali nilikuwa mpiga kasia mbaya kuliko wote katika pwani ya Wakisi. Nalisema hili mapema, vijana wangu, kwa sababu mnakuja hapa Ikolo mnanikuta nimekaa barazani, mnazitazama kuta hizi nyekundu, mnasema babu huyu alizaliwa na tofali mkononi. Sikuzaliwa hivyo. Nilizaliwa kando ya maji, kwenye kabila la watu wa maji, nami nikapelekwa majini kama wenzangu wote, na ilichukua muda mrefu, pamoja na aibu ya kutosha, kabla sijajua kwamba mahali pangu ni penye moto.

Mnaniuliza mchague kazi gani. Mmoja ataka ualimu kwa sababu ya viatu, mwingine ataka udereva kwa sababu ya upepo wa dirishani. Siwacheki, au nawacheka kidogo tu. Lakini nisingependa kuwajibu kwa kuwaambia kazi ipi ni nzuri, maana kazi zote ni nzuri kwa mtu wake na zote ni adhabu kwa asiye wake. Nitawasimulia tu swali nililoulizwa mimi, siku zile za Mdachi, yaani Mjerumani, na mambo liliyoyafungua. Mengine hata leo nikiyakumbuka huwa naisahau chai mpaka inapoa.

Wale mliofika Ikombe mnajua palivyo. Milima inashuka wima mpaka ndani ya ziwa, kama ng'ombe walioinamia maji kunywa, na vijiji vimebanwa hapo katikati. Shamba la maana hakuna. Kwa hiyo mama zetu walifinyanga vyungu, na baba zetu walivipakia mitumbwini kuvipeleka Matema na kwingineko kwa Wanyakyusa, wenye ndizi na nafaka. Chungu kiliuzwa kwa ujazo wake: mnunuzi alikijaza mahindi au ulezi, sisi tukachukua nafaka, yeye akabaki na chungu. Asubuhi maji yalikuwa meupe yametulia, usingeweza kusema ziwa linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi, na mtumbwi uliojaa vyungu ulionekana kama unaelea hewani. Mimi nilidhani dunia yote iko hivyo.

Baba yangu alikuwa na mtumbwi aliourithi kwa baba yake, nao ulikuwa mzito, mweusi, wenye sauti yake. Mimi nilikaa mbele, yeye nyuma akiongoza. Miaka yote ile nilimpa mgongo. Nilimjua kwa kasia lake: likizama, likitoka, likidondosha maji. Tukifika chini ya genge moja refu, katikati ya njia, kasia lake lilikuwa likinyamaza kidogo. Mtumbwi ukaenda wenyewe. Kisha likazama tena. Nilidhani anasikiliza kama mwera unakuja, maana upepo ule wa kusini ukikukuta chini ya magenge huna pa kukimbilia. Sikuuliza. Mtoto hamwulizi baba yake kwa nini amenyamaza.

Nilikuwa mtoto wa kiume wa pekee, hivyo ilijulikana kwamba mtumbwi ule ni wangu. Baba alikuwa ameanza kuumwa mabega. Kila mtu alinitazama mikono yangu: mama, majirani, hata wazee wa upande wa binti niliyekuwa nikimtamani. Nami niliutaka mtumbwi ule kwa moyo wangu wote, au niliamini hivyo. Shida ni kwamba nikiwa majini nilikuwa naota. Sisemi usingizi. Macho yangu yalikuwa wazi, ila yalikuwa ufukoni, kwenye mioshi. Akina mama walikuwa wakichoma vyungu vyao kando ya maji, na kila moshi niliujua. Huu mzito mweupe, kuni bado zina maji. Ule wa bluu mwembamba, umekwisha kushika, sasa moto unafanya kazi yake. Ule uliolala chini kuelekea majini, mama fulani amekosea upande wa upepo na vyungu vyake vitatoka na madoa. Wakati nikiwaza hayo kasia langu lilikuwa linachovya tu maji kama mtu anayeonja mchuzi.

Sasa siku moja baba akashikwa na homa tukiwa Matema. Tulikuwa na vyungu ambavyo havijapata mnunuzi, na yeye akataka kurudi nyumbani. Tukamlaza katikati ya vyungu, juu ya nyasi za kufungia. Nikakaa nyuma kuongoza, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, na mbele akakaa Lusekelo, mtoto wa baba yangu mdogo, kijana ambaye hata usingizini mikono yake ilipiga kasia. Tukaenda polepole. Joto lilikuwa jepesi, maji yanang'aa, milima imevaa ukungu wake wa bluu. Tulipofika chini ya genge lile refu, baba, aliyekuwa amelala chali, akafumbua macho akatazama juu. Akatabasamu. Akaniambia, "Mwanangu, usikimbize mtumbwi. Twende taratibu hapa." Nikajua homa imempanda kichwani, nikazidisha mwendo.

Nikaona moshi mbele yetu. Ulikuwa moshi mnene, umesimama, juu yake umejipinda kidogo. Nikaanza kuota. Nani anachoma saa hizi? Kwa nini chini yake sioni moto? Ametumia kuni gani huyu? Nikageuza mtumbwi kuufuata, ili niuone vizuri. Lusekelo akaniuliza twaenda wapi, nikamwambia naelekea nyumbani, huoni moshi. Akaendelea kupiga kasia, kwa sababu mwongoza mtumbwi ndiye mwenye neno.

Ninyi mliokulia kando ya ziwa mmekwisha kuanza kucheka. Haukuwa moshi. Walikuwa ni wale wadudu wadogo wanaozaliwa majini na kupaa kwa makundi mpaka wakaonekana kama nguzo ya moshi iliyosimama juu ya ziwa. Mtoto anayenyonya anawajua. Bibi zenu wanawanasa kwa vikapu vilivyolowa wakawaponda wakapika mikate yao. Mimi, mwana wa ziwa, mrithi wa mtumbwi, niliwapelekea mdomo wangu wazi. Waliingia puani, masikioni, machoni. Lusekelo akaacha kasia akajifunika uso. Mtumbwi ukaenda tu, ukapanda mwamba, na nikasikia vyungu vya mama yangu vikivunjika kimoja baada ya kingine, taratibu, kama watu wanaoagana.

Baba alitoka mzima, na mtumbwi ulipata ufa mdogo tu. Lakini habari ilifika Ikombe kabla yetu. Kwa muda mrefu nikipita njiani watu walijifanya kupunga wadudu.

Mama mdogo Tusekile, mdogo wake mama yangu, ndiye aliyekuwa mfinyanzi hodari kuliko wote pale kwetu, na ndiye aliyekuwa na ulimi mkali kuliko wote pia. Nilimzoea, maana tangu utoto nilimsaidia kupanga kuni. Alinicheka mpaka akakaa chini. Akafuta machozi, akaendelea kusugua chungu kwa jiwe lake laini la kulainishia, na bila kunitazama akaniambia neno ambalo nimeishi nalo.

"Ambokile, usijiulize unataka kuwa nani. Hilo kila mtu anajua kujidanganya. Jioni, kabla hujala, jiulize: leo macho yangu yalikwenda wapi bila kutumwa?"

Nikamwambia ndaga, mama, ahsante. Nikaondoka nimekasirika. Nilitaka anipe pole.

Hata hivyo nilijaribu. Na hapa, vijana, sikilizeni vizuri, maana ndipo penye ufundi wenyewe. Majibu ya kwanza yote yalikuwa ya uongo. Jioni nilikaa nje ya nyumba, nikajiuliza, nikajijibu: macho yangu yalikwenda kwenye wavu. Yalikwenda kwenye mawimbi. Lilikuwa jibu la heshima, jibu ambalo baba angependa kulisikia. Mtu anapoanza kujipima huwa anajipima mbele za watu, hata kama yuko peke yake. Nilihitaji kurudia swali lile jioni nyingi, mpaka nikachoka kujisifia, ndipo jibu la kweli likatoka kama mtoto aliyejificha nyuma ya mlango. Moshi. Leo moshi, na jana moshi.

Nikarudi kwa mama mdogo kumweleza. Nilidhani atafurahi. Akasema kutazama si kitu, hata mbuzi hutazama. Akaniuliza ni kosa gani linaloniuma. Nikataka kumjibu haraka, akanizuia kwa kuinua lile jiwe, akaniambia nikakae na swali hilo kwanza. Basi nikakaa nalo. Nikakumbuka vyungu vilivyovunjika mwambani. Nilikuwa nimeona aibu, ndiyo, lakini usiku ule nilikula nikashiba. Nikakumbuka pia siku moja ya utotoni, mama mdogo aliponiachia moto wa vyungu vyake. Niliuwasha kwa pupa kabla vyungu havijapata joto la chini, na chungu kimoja kikubwa kikapasuka kwa kishindo. Hakuna aliyenilaumu. Hata hivyo chakula kilikataa kupita kooni, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikienda kukiangalia kile kigae, nakigeuza, namwuliza nani sijui, ningefanyaje. Kosa la majini niliwaachia watu walicheke. Kosa la moto lilikuwa langu.

Lakini kwetu mwanaume hafinyangi wala hachomi vyungu. Ilikuwa kazi ya akina mama, na mimi sikuwa tayari kuwa wimbo wa kijiji mara ya pili. Nikawa kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake akaambiwa haina mlango.

Mlango ulikuwa Matema. Wamisionari walikuwa wanajenga, na Wadachi huko bomani nao walitaka matofali na vigae, kwa hiyo alikuwa ameletwa fundi kutoka ng'ambo ya mto Songwe, jina lake Yona, mtu mfupi mwenye kope zilizoungua, mpole, asiyeharakisha neno. Nilimkuta tanuru lake linatoa moshi mweupe. Nikasimama. Nadhani nilisimama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, maana aliniuliza kama nimetumwa. Nikasema hapana. Kisha nikasema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kwamba upande wa kushoto kuni zake zina maji. Akaenda kuangalia. Aliporudi akanipa koleo.

Sikuacha mtumbwi. Hilo nalisisitiza kwenu: msiruke kabla hamjagusa ardhi kwa kidole cha mguu. Nilikuwa nikienda na baba Matema kama kawaida, na wakati yeye anauza vyungu mimi nakimbilia kwa Yona. Yona alikuwa na desturi yake. Kila mwanafunzi alibonyeza alama ya kidole chake kwenye matofali aliyofyatua yangali mabichi. Tanuru lilipofunguliwa hakukuambia lolote. Ulitafuta alama zako mwenyewe, ukagonga tofali kwa tofali, ukasikiliza. Lililoiva hulia. Lisiloiva hujibu kama mtu mwenye mafua. Mazuri yalikwenda kwenye jengo, mabaya ulipewa wewe ukajijengee jiko. Nilipata matofali mabaya ya kutosha jiko zima, nikalijenga, na mvua ya kwanza ikalirudisha kuwa tope, nami nimesimama mlangoni na sufuria mkononi. Yona alipita, akalitazama tope, akauliza kwa upole leo tunakula wapi.

Na bado kesho yake nilirudi. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Palikuwa na kijana mmoja pale, mpenzi wa moto kama mimi, alikaa akiutazama kwa macho matamu. Lakini alipenda moto uliowashwa na wengine. Siku ya kukanyaga udongo alikuwa na mguu unaouma, siku ya kupasua kuni alikuwa na mgongo unaouma. Alidhani kupenda kitu kilichokwisha kutengenezwa ni sawa na kupenda kazi yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ukitaka kujua kama kitu ni chako, jiangalie wakati umeinama.

Nilijifunza mengi kwa Yona. Nilijifunza kuanza na moto mdogo wa kufukuza maji, mpaka moshi mweupe uishe wenyewe, hata ukisongwa na bwana msimamizi anayetaka matofali yake jana. Nilijifunza kuchanganya udongo wa kichuguu, na kukandika tanuru kwa tope pasibaki ufa hata wa kupitisha mchwa. Siku ya kuziba midomo ya tanuru palikuwa na ukimya fulani. Ziwa liko mbele yako, joto linacheza juu ya tanuru mpaka milima inatikisika kwa mbali, na ndani yanatendeka mambo ambayo huwezi tena kuyasaidia. Nilikuwa nikikaa hapo nikihisi kwamba mimi nami ninaiva. Sijapata neno jingine la kuwaambia.

Kisha mabega ya baba yakakataa kabisa. Akaita mafundi wakaziba ule ufa wa mtumbwi, akachonga kasia jipya, refu, kwa kimo changu. Nilipoliona limeegemezwa ukutani nikajua siku imefika. Nikikubali nitakuwa mwongoza mtumbwi mbaya maisha yangu yote, na watu watapanda kwa hofu. Nikikataa, mtumbwi wa babu utatoka nyumbani mwetu, na baba atakuwa mtu aliyekataliwa na mwanawe wa pekee. Nilikonda. Binti yule niliyemtamani akaniuliza kama nina minyoo.

Nikamwomba mama mdogo anitangulie, maana kwetu neno zito halipelekwi na mwenye nalo. Alikwenda asubuhi. Nilipofika nikamkuta baba amekaa nje, kisu cha kuchongea bado mkononi, analainisha mpini wa kasia ambao tayari ulikuwa laini. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwambia, tata, nimejichunguza. Sina macho ya majini. Nimejaribu kuyapata nimeshindwa. Lusekelo anayo.

Alilainisha mpini kwa muda. Kisha akasema jambo hilo alilijua zamani. Alisema tangu nikiwa mdogo mtumbwi ulikuwa unapinda kuelekea kila moshi, na yeye huko nyuma alikuwa akiunyoosha bila kusema, akitumaini nitakua. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo na bado hajaamini.

Hapo ndipo nikafanya jambo ambalo mtoto hafanyi. Sijui lilitoka wapi. Pengine ni mazoea ya kujiuliza kila jioni, yakaupeleka mdomo mbele.

"Na macho yako, tata? Yalikuwa yakienda wapi?"

Mama mdogo alishusha macho. Baba akaacha kisu. Akanitazama kama anayemtafuta mtu mwingine nyuma yangu.

"Hakuna aliyewahi kuniuliza," akasema.

Kisha akaonyesha kwa kidevu, ng'ambo ya maji, kule kwenye genge refu. Alisema pale juu kuna nyuki. Alipokuwa kijana alikwenda huko na mjomba wake, wakapanda kwa kamba za miti, na tangu siku ile hajapata kulala bila kusikia mvumo wao. Alitaka kutengeneza mizinga. Baba yake akamkabidhi mtumbwi. Akasema amepita chini ya mvumo ule maisha yake yote.

Nililia, wazi, mbele ya mama mdogo na ulimi wake, na safari hiyo hakunicheka.

Lusekelo alichukua mtumbwi na kasia, ingawa lilikuwa refu kwake ikabidi alikate. Mimi nilihamia Matema kwa Yona, na baadaye nikaja huku Ikolo na tanuru langu mwenyewe. Yule binti aliridhika nilipojenga jiko lililoshinda mvua mbili, akawa bibi yenu. Baba, na mabega yake mabovu, akaanza kuchonga mizinga ya magome. Vijana walimpandishia magengeni, yeye akikaa chini akiwaelekeza. Alipata misimu michache tu. Kisha vita vikaja, Wadachi wakakusanya wapagazi, njia zikafungwa, tanuru likapoa, na kabla Waingereza hawajafika yeye alikuwa amekwisha kututoka. Ila misimu ile michache alikuja kwangu na mtumbwi wa Lusekelo, amekaa mbele, amepakata chungu cha mama mdogo kilichojaa asali. Alikuwa ananuka moshi. Watu walisema tumeanza kufanana.

Udongo uwahi ungali maji, vijana. Jiulizeni jioni, kabla hamjala. Na mkishajijibu, nendeni mkamwulize na yule aliyekaa nyuma yenu akipiga kasia, angali hai, maana mimi nilikaa miaka mingi katika mtumbwi mmoja na mtu nikidhani anasikiliza upepo. Mara moja tu nilimwona uso mtumbwini, siku ya wadudu, akiwa amelala kati ya vyungu, ametazama juu, anatabasamu, ananiomba tupite pale taratibu. Nami nikadhani ni homa.